Robert Koch na Miaka Yake Afrika Mashariki

Kila tarehe 24 Machi hospitali na vituo vya afya, hapa Songea kama kwingineko, huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya mtu mmoja. Siku kama hiyo mwaka 1882, daktari Mjerumani Robert Koch aliwaeleza wanasayansi wa Berlin kwamba amempata bakteria anayesababisha ugonjwa huo. Bila shaka, mtahiniwa, umekutana na jina lake katika Baiolojia. Pengine hujaambiwa kwamba alifanya kazi pia katika nchi hii, tena katika miaka ambayo kila mtoto wa Songea anaijua.

Koch alizaliwa 11 Desemba 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal, akasomea udaktari Göttingen. Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Maabara hakuwa nayo. Alitumia sehemu ya nyumba yake, hadubini moja, na panya aliowachoma kwa vijiti vilivyopakwa damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja maalumu. Usimchanganye na Louis Pasteur, kosa ambalo huwapotezea wengi alama: ushahidi wa chanzo cha kimeta ni wa Koch, chanjo ya kimeta ya mwaka 1881 ni ya Pasteur.

Kilichomtofautisha ni ukali wake katika kudai ushahidi. Ili kimelea kitajwe kuwa chanzo cha ugonjwa, ni lazima kionekane kwa mgonjwa, kitengwe na kukuzwa peke yake, kikiingizwa kwa mnyama mzima kimletee ugonjwa uleule, kisha kipatikane tena ndani ya mnyama huyo. Hizo ndizo kanuni za Koch. Zishike kwa mpangilio wake.

Kwenye dawa, ukali huo ulimponyoka. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa tiba ya kifua kikuu, huku akificha jinsi ilivyotengenezwa. Haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walizidiwa. Hata hivyo mwaka 1891 alifunguliwa taasisi kubwa ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin, na tuberkulini yenyewe baadaye ikafaa kwa kupima, si kutibu.

Mwaka 1905 alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alifuata njia ya misafara kutoka pwani kuelekea bara, akichunguza homa inayoondoka na kurudi. Aliyeieneza alikuwa papasi, yule kupe anayejificha mchana katika udongo wa sakafu na kutoka usiku kunyonya damu. Koch alimpasua, akaona vimelea hata ndani ya mayai yake. Maana yake papasi mchanga anaweza kuanguliwa akiwa tayari na ugonjwa. Watafiti wengine, Uganda na Kongo, walikuwa wamefikia jibu kama hilo kuhusu papasi bila yeye. Akashauri wasafiri wasilale katika mabanda ya zamani ya misafara. Ushauri rahisi, na ulifaa.

Mwaka huohuo Vita vya Maji Maji vilianza. Mwishoni mwake Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Kingoni walinyongwa hapa Songea. Serikali iliyowanyonga ndiyo iliyomrudisha Koch huku mwaka huo kutafiti malale. Alianzia Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa na taasisi ya utafiti tangu mwaka 1902, kisha akaenda Mwanza na hatimaye visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda ya Waingereza. Huko watu walikuwa wakifa kwa wingi.

Akafungua kambi ya matibabu, na wagonjwa wakaja kwa mamia. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni ilionekana kama muujiza: vimelea vilitoweka katika damu, waliobebwa wakatembea. Kisha vilirudi. Koch akapandisha dozi kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa 22 wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Alirudi kwenye dozi ndogo na kuandika idadi hiyo katika taarifa yake, lakini hakuacha kuitetea atoksili. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe kambini, na kambi zikajengwa upande wa Wajerumani, wengi walizikimbia. Swali la mtihani likikutaka umweleze Koch, waliopofuka Sese nao ni sehemu ya jibu. Mtu aliyedai hatua nne kabla ya kumtaja bakteria aliongeza sumu mwilini mwa binadamu kwa ushahidi mdogo kuliko huo, na watu hao hawakuwa na njia ya kumhoji.

Koch alifariki 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa ndani ya taasisi yake Berlin, ambayo leo ina jina lake. Wakati anafariki, Waingereza walikuwa tayari wameanza kuwahamisha watu wa Sese kutoka visiwani mwao ili kuwaepusha na mbung'o.