Atiman wa Karema: Mtoto aliyekombolewa na wale walioachwa

Ukifika Sumbawanga utaikuta hospitali inayoitwa Dr. Atiman. Nimewahi kuwasikia watu wazima wakibishana kuhusu jina hilo, mmoja akishikilia kuwa Atiman alikuwa Mzungu aliyekuja na wamisionari. Hakuwa Mzungu. Alikuwa mtoto mweusi wa Afrika Magharibi aliyetekwa akauzwa, akaishi zaidi ya nusu karne Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wetu huu wa Katavi. Huko ndiko alikofia na kuzikwa.

Najua wapo wasomaji watakaoshangaa safu hii kumzungumzia katekista wa Kikatoliki. Lakini historia ya mahali ni ya wote waliopo mahali hapo, na maisha ya mtu huyu yanalo somo kubwa kwetu. Yanatuonyesha jinsi rangi ya mtu, jinsia yake na fedha iliyomo mkononi mwake, au mkononi mwa anayemtaka, vinavyoweza kumfungulia mlango mmoja na kumfungia mwingine, hata kabla hajajua kuandika jina lake.

Adrien Atiman alizaliwa kiasi cha mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi ya Timbuktu ambayo leo imo Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akauzwa na kuvushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Hebu tafakari, ndugu msomaji. Mtoto wa umri wa darasa la kwanza au la pili anavuka Sahara akiwa bidhaa, huku hajui anapelekwa kwa nani.

Hapa inatupasa tuseme kweli. Nchi aliyotoka, njia alizopitishwa na masoko alikouzwa yalikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiswali. Na walijua wanachokifanya, kwa sababu wanazuoni walikwishawaambia. Mmoja wao ni Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu hiyo hiyo, aliyefariki 1627. Yeye mwenyewe alipata kuchukuliwa mateka na majeshi ya Morocco akapelekwa Marrakesh. Mwaka 1615 aliandika risala juu ya utumwa ambayo hadi leo inasomwa na wanahistoria. Hakuukataa utumwa wote, na hilo tusilifiche. Lakini alikataa katakata kwamba weusi wa ngozi ni sababu ya mtu kufanywa mtumwa, na akasema aliye Mwislamu huru hauzwi, awe wa rangi yoyote. Zaidi ya miaka 250 baadaye watoto weusi wa mto Niger walikuwa bado wanavushwa jangwani. Fatwa ilikuwepo, lakini faida ya biashara ilikuwa na nguvu kuliko fatwa.

Atiman alipofikishwa Metlili, kusini mwa Algeria, alinunuliwa na Mapadri Weupe. Shirika hilo lilianzishwa 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, ambaye baadaye akawa kardinali. Mapadri hao walikuwa wakiwakomboa watoto na kuwalea katika dini yao. Atiman naye akabatizwa. Mtu anaweza kuuliza, mtoto huyo alipewa nafasi gani ya kuchagua? Ni swali la haki. Lakini lipo na swali jingine la haki: siku ile aliponunuliwa, sokoni walibaki wangapi? Atiman hakuwazidi wenzake kwa chochote tunachokijua. Alilipiwa, wao hawakulipiwa, basi.

Sisi Waislamu tunaijua habari ya namna hii tangu utotoni. Sayyidna Bilal bin Rabah (R.A.) alikuwa mtumwa mweusi wa Makka akiteswa juani kwa ajili ya imani yake, mpaka Abubakar (R.A.) alipotoa mali yake akamkomboa. Mtume (S.A.W.) hakumwambia Bilal akae nyuma kwa kuwa alikuwa mtumwa. Alimpa adhana. Na siku Makka ilipofunguliwa alimpandisha juu ya Al-Kaaba aadhini mbele ya wakuu wa Kikuraishi, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakimhesabu pamoja na mali. Kumkomboa mtu ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kumpa nafasi inayolingana na uwezo wake, nayo ndiyo ngumu zaidi. Tuishike hatua hii ya pili tunapoendelea na Atiman.

Mwaka 1881 Lavigerie alianzisha huko Malta chuo cha vijana wa Kiafrika waliokombolewa, na Atiman akawa miongoni mwao. Walisomeshwa udaktari katika Chuo Kikuu cha Malta hadi 1888. Katika zama zile, kijana mweusi kutoka jangwani kusoma tiba na upasuaji pamoja na wazungu lilikuwa jambo la ajabu kabisa. Lakini tazama mpango wenyewe ulivyokuwa. Lavigerie hakukusudia vijana hawa wawe sawa na madaktari wa Ulaya. Walitakiwa warudi Afrika, wavae na kula na kuishi Kiafrika, watibu watu, na kwa njia ya tiba wawavute katika Ukristo. Cheo chao kilikuwa katekista na mganga kwa pamoja, chini ya padri wa Kizungu. Elimu waliipata, ila dari ilikwishawekwa juu ya vichwa vyao.

Atiman alianza safari ya kuja huku mwaka 1888, mwaka ule ule ambao pwani yetu ilikuwa inawaka moto kwa vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1889 alikuwa Karema. Kituo hicho kilifunguliwa na Wabelgiji 1879, wakawaachia Mapadri Weupe 1885. Yeye alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuondoka tena.

Kwa miaka 67 alitibu watu. Alitibu majeraha na ndui. Alikuwepo malale yalipoingia katika mwambao wa ziwa na kuhamisha vijiji vizima. Alijifunza dawa za miti za wenyeji akazichanganya na alichokipata Malta. Aliwaona Wajerumani wakija, akawaona Wabelgiji wakivuka ziwa na kuwatoa 1916, akawaona Waingereza wakitawala. Alipofariki Aprili 1956 alikuwa mzee wa miaka tisini hivi, na chama cha TANU kilikuwa kimekwishazaliwa. Nishani kadhaa alizipata. Kumbukumbu zake zilichapishwa 1946 katika jarida la wasomi wa Tanganyika.

Sasa tumpime kwa mizani ya rangi. Miaka ile ya mwisho ya uhai wake, reli ya kutoka Kaliua ilikuwa imeshafika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Katika Tanganyika ile, Mzungu alikuwa na mshahara wake, Mhindi wake, Mwafrika wake, hata kazi ikiwa moja. Dar es Salaam palikuwa na hospitali ya Ocean Road kwa Wazungu, na Waafrika walikwenda Sewa Haji. Hata Waafrika waliohitimu udaktari Makerere walipewa cheo na mshahara wa chini ya Wazungu. Katika nchi ya namna hiyo, daktari mweusi aliyesoma Ulaya kabla wengi wa mabwana shauri hawajazaliwa alibaki katekista wa kijijini. Sidai kuwa alilalamika. Wapo watu ambao kazi inawatosha. Lakini jamii inayomtegemea mtu aridhike ili isimpe haki yake haiwezi kujisifu kuwa ina uadilifu.

Huo ni upande wa rangi. Ama upande wa jinsia, ndiko linakotufikia sisi wenyewe.

Wote waliopelekwa Malta walikuwa wavulana. Hapakuwa na msichana hata mmoja. Na si kwamba wasichana hawakutekwa. Katika nchi hizi za ziwa, wengi wa waliobakizwa utumwani bara walikuwa wanawake na watoto. Mwanamke aliwekwa rehani kwa deni la mjomba wake, alitolewa fidia kwa kosa la kaka yake, aliuzwa wakati wa njaa, akauzwa tena bwana wake alipokufa. Waliokombolewa na kufikishwa Karema waliwekwa kituoni, na Masista Weupe walipofika 1894 wakawa chini yao. Wakafundishwa dini na kazi za nyumbani na shamba, hadi walipoozwa kwa wanaume Wakristo wa hapo. Jangwa lilimtesa mvulana na msitu ukamtesa msichana, na wote wawili walilipiwa. Mmoja akapelekwa chuo kikuu, mwingine akapewa jembe na mume.

Atiman mwenyewe alimuoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, wenyeji wa nchi hii ya Mpanda. Mtoto wao Joseph akawa padri, miongoni mwa mapadri wa mwanzo wa Kiafrika upande huu. Kwa hiyo baba tunamjua kwa kumbukumbu zake, na mtoto tunamjua kwa upadri wake. Agnes, aliyekuwa binti wa mtawala, si mtumwa, mwenye ardhi na ukoo, anatajwa kwa sentensi moja: binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Heshima ya ukoo wake haikutosha kumpatia ukurasa mmoja. Nadhani kuishi miaka mingi nyumba moja na daktari pekee wa mwambao mzima, wagonjwa wakibisha hodi usiku na mchana, kunastahili zaidi ya sentensi moja.

Tusiwacheke wa zamani. Nilipokuwa chuoni hapa Mpanda tulikuwa na binti mmoja aliyetupita sote kwa kuhifadhi. Ustadh akikosekana yeye ndiye aliyetusahihisha sisi wavulana. Alipofika umri wa kuvunja ungo alitolewa, na mwaka haukupita akaozwa. Kaka yake, aliyekuwa mzito hata wa kusoma Juzuu Amma, alichangiwa nauli na wanaukoo akapelekwa kusoma mbali. Hakuna aliyeona ajabu. Fedha ilikuwepo ya mtoto mmoja, na haikujadiliwa ni yupi.

Hali ya mkoa wetu imeandikwa kwa tarakimu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta kuwa katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Kitaifa walikuwa 27. Katavi ilikuwa ya kwanza Tanzania nzima. Utafiti wa 2022 ulikuta 34 kwetu na 22 kitaifa. Tumepungua, alhamdulillah, lakini binti mmoja katika kila watatu bado ni wengi mno. Na ni mabinti gani hao? Wa tajiri wa mjini, ambaye hulipiwa bweni na kurudishwa nyumbani kwa gari, si wengi humo. Wengi ni wa yule anayetembea saa nzima kwenda shule, au anayepangishiwa chumba karibu na shule akiwa peke yake. Umasikini na uanamke vinapokutana kwa mtoto mmoja, havijumlishwi, vinazidishwa.

Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliopata mimba kurudi katika shule za mfumo rasmi. Wapo masheikh na wazazi walioona hatua hiyo inahalalisha zinaa. Mimi sioni hivyo. Zinaa ni haramu kwa mwanamume kama ilivyo kwa mwanamke, lakini kwa miaka mingi aliyefukuzwa shule alikuwa mmoja tu, naye ni msichana. Adhabu inayomkuta mmoja kati ya wawili waliokosa pamoja si sharia. Ni desturi ya wanaume iliyovishwa kanzu.

Atiman alikuwa mtoto mmoja aliyelipiwa. Kwa malipo hayo mwambao mzima wa Karema ulipata mganga kwa miaka 67. Hatujui sokoni Metlili waliachwa waganga wangapi, na wala hatutajua. Lakini wa leo tunawajua kwa majina yao. Wako katika vyuo vyetu, misikitini kwetu, na majumbani mwetu. Kamati za misikiti ya Mpanda zinaweza kukaa Ijumaa moja zikaandika majina ya wasichana wa mtaa waliokatishwa masomo, kisha zikatenga sehemu ya sadaka kwa nauli, sare na bweni lao. Tunachangia harusi kwa maelfu na malaki. Kumlipia mtoto wa kike mpaka amalize masomo ni sadaka ambayo malipo yake yako kwa Mola.

Siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa alichokichunga, na mabinti hawa tumekabidhiwa sisi. Wabillahi tawfiq.