Hans Meyer: Safari ya tatu ndiyo iliyomfikisha Kibo

Ukisimama ukingoni pale Mtae asubuhi, kabla ukungu haujapanda, tambarare ya Mkomazi yote iko chini yako. Siku hewa ikiwa safi, mbali kabisa unauona Mlima Kilimanjaro na weupe wake juu. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeutafuta weupe ule mara mbili akashindwa, na mara ya pili safari yake ikaharibika akiwa upande wetu huu wa Usambara.

Jina lake Hans Meyer, Mjerumani aliyezaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen. Familia yake ilikuwa na kampuni kubwa ya kuchapisha vitabu, hivyo fedha za safari hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kujua namna ya kukaa na kufanya kazi kwenye baridi kali, mahali ambapo hakuna kuni, hakuna shamba wala nyumba ya kuomba hifadhi.

Mara ya kwanza: ukuta wa barafu

Mwaka 1887 Meyer alipanda Kibo hadi karibu mita 5,500. Hapo akakuta theluji nene na ukuta wa barafu. Hakuwa na vifaa vya kupita mahali kama hapo, akageuka. Somo la kwanza likawa hilo: kuwa na miguu yenye nguvu hakutoshi ikiwa hukubeba kifaa cha kazi.

Mara ya pili: Usambara

Mwaka 1888 alirudi na msafara mkubwa, pamoja na Oscar Baumann kutoka Austria. Walipita katika milima ya Usambara wakiwa na nia ya kuendelea hadi Kilimanjaro. Lakini mwaka huohuo watu wa pwani waliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani iliyokuwa imeanza kujitwalia mamlaka katika miji yao. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Abushiri bin Salim wa Pangani.

Msafara ukavunjika. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa minyororo, na wakaachiwa baada ya kulipwa fidia ya rupia 10,000. Mlima hawakuufikia. Abushiri mwenyewe alikuja kunyongwa na Wajerumani huko Pangani mwezi Desemba 1889.

Mara ya tatu: chakula kwanza

Meyer hakukata tamaa, ila alibadili mpango. Mwaka 1889 alimchukua Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria aliyezoea barafu. Walibeba kamba na mashoka ya barafu. Safari hii walipitia Mombasa na Taveta hadi Marangu, ambako Mangi Marealle aliwapokea.

Jambo kubwa katika mpango huo lilikuwa kambi. Kambi kuu ilikuwa Marangu, nyingine juu ya msitu, na hema dogo likasimamishwa kwenye uwanda wa juu kati ya Kibo na Mawenzi, kiasi cha mita 4,300. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula. Kwa hiyo wapandaji wakishindwa leo hawakulazimika kushuka hadi kijijini. Walirudi hemani, wakala, wakapumzika, wakajaribu tena.

Na kweli walishindwa kwanza. Tarehe 3 Oktoba walichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine, hadi ukingo wa kreta. Hapo wakaona kilele chenyewe kiko mbele zaidi, na nguvu zimekwisha. Wakashuka. Tarehe 5 wakalala kwenye pango juu zaidi ya kambi, na tarehe 6 Oktoba wakapanda tena wakifuata ngazi zilezile walizochonga. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40. Walifika kileleni, wakiwa wa kwanza ambao kufika kwao kumeandikwa.

Waliobeba mzigo

Vitabu vingi huishia kwa majina hayo mawili. Lakini chakula hakikupanda chenyewe. Mwini Amani wa Pangani, mpishi, alikaa nao katika kambi ya juu kwenye baridi ile, siku baada ya siku, naye alikuwa mtu wa pwani aliyezoea joto. Watu wa Marangu nao wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Bila watu kama hao, hema lile lingekuwa kaburi.

Meyer alikiita kilele kwa jina la mfalme wake, Kaisari Wilhelm, na jiwe alilochukua juu akampelekea nusu yake. Alikuwa mtu wa ukoloni, hilo halifichiki. Mwaka 1961 nchi ilipopata uhuru, kilele kikaitwa Uhuru, na ndilo jina lake hadi leo, mita 5,895.

Mwaka 1898 Meyer alirudi tena na kuona barafu imepungua tangu alipoiacha. Alifariki Leipzig mwaka 1929. Weupe tunaouona kutoka Mtae leo ni mabaki tu ya ule alioukuta yeye.

Kwa anayekwenda leo

Baadhi ya vijana wetu huenda Marangu na Machame kutafuta kibarua cha upagazi. Kwao historia hii ina maana ya moja kwa moja. Sheria ya hifadhi inaweka mzigo wa mpagazi usiozidi kilo 20. Kabla hujapokea mzigo, uliza utalala kwenye hema gani, utakula mara ngapi, na kama una viatu na koti la kukutosha usiku. Baridi ya Mtae mwezi Julai unaijua, lakini ya Kibo huganda maji kwenye chupa.

Meyer alifika juu pale tu alipopanga chakula na mahali pa kulala kabla ya kupanga kilele. Mpagazi naye ana haki ya kupangiwa hivyo hivyo.