Thomas Midgley, fundi aliyeacha alkoli akatia plombu mu esansi

Juma hili tunawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake ilipita mu rezevari za motokari za dunia nzima, hata za kwetu. Thomas Midgley, Mwamerika, alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 ku Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania. Alisoma umakanika ku Cornell, akamaliza mu 1911, na mu 1916 akaingia kazini kwa Charles Kettering, ku Dayton.

Shida waliyompa njo hii. Ili motere itoe nguvu mingi, unapashwa kukandamiza sana hewa na esansi ndani ya silinda. Lakini esansi ya wakati ule, ukiikandamiza sana, ilikuwa inalipuka yenyewe: motere inagonga kama nyundo, pistoni zinaharibika.

Dawa moja ilikuwa inajulikana: alkoli, ile ya mahindi ao ya miwa. Yenyewe inavumilia kukandamizwa. Mu Oktoba 1921 Midgley aliendesha motokari kutoka Dayton mpaka Indianapolis, ku mkutano wa mainjinia, na mu rezevari sehemu 30 kwa 100 zilikuwa alkoli.

Tusidanganyane, alkoli nayo iko na masharti yake. Nguvu ya litre moja ni karibu theluthi mbili tu ya ile ya esansi. Kwa hiyo motere inayokunywa alkoli tupu inaomba karibu litre moja na nusu mahali pa moja. Fundi anapashwa kuweka pompi kubwa, kupanua matundu ya karburatere (leo tunasema enjektere), na kubadilisha mipira, juu alkoli inakula mipira mingine, tena inavuta maji. Ni kazi, ndiyo, lakini ni kazi ya garaji.

Midgley alishika njia ingine. Tarehe 9 Desemba 1921 yeye na wenzake waliona kwamba plombu kidogo sana ndani ya esansi inanyamazisha motere. Alkoli, kila mlimaji angeweza kuitengeneza. Dawa ya plombu, kampuni General Motors iliweza kuiandikisha kuwa mali yake. Sisi tunaona kwamba njo pale feza ilishinda afya.

Na haikukawia. Midgley mwenyewe plombu ilimgonjesha, mwanzo wa 1923 akaenda kupumzika ku Florida. Mu Oktoba 1924, ku kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi tano walikufa na sumu ile. Wengine walipandwa na wazimu. Tarehe 30 mwezi uleule, Midgley aliita wanahabari, akanawa mikono na dawa yake mbele yao, akainusa sekunde 60. Alijua vizuri ilivyomfanya mwaka uliopita! Uuzaji ulisimamishwa mu 1925, mu 1926 ukaanza tena, na watoto wa mijini wakapumua plombu ile miaka na miaka. Madaktari walikuja kuonyesha kwamba inaharibu akili ya mtoto.

Mu 1940 polio ilimlemaza. Alijitengenezea kamba na magurudumu ya kumuinua kitandani, na tarehe 2 Novemba 1944 walimkuta amenyongwa na kamba zile. Alikuwa na miaka 55.

Afrika chini ya Sahara iliachana na esansi ya plombu mwanzo wa 2006. Algeria njo ilikuwa ya mwisho duniani, mu 2021. Ku Indianapolis, kule alikofika na alkoli yake, motokari za mashindano zilikimbia na ethanoli mu 2007.