LEONHARD EULER: KIPOFU ALIYEZIONA NAMBARI

Wengi wetu tukisikia neno hisabati tumbo hutuuma. Leo nataka niwajulishe mzee mmoja wa kale ambaye hata macho yalipomwacha, yeye hisabati hakuiacha.

Leonhard Euler alizaliwa mwaka wa 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa na alitaka mwanawe afuate njia hiyo hiyo. Lakini Johann Bernoulli, mwanahisabati aliyekuwa akimsaidia kijana kila wiki kwa maswali yaliyomshinda, alikitambua kipaji chake akamshawishi baba mpaka akakubali. Mwaka wa 1727 Euler alienda St Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi.

Huko ndiko alikoanza kuzichokoza nambari kubwa. Mfaransa Pierre de Fermat, bingwa aliyefariki mwaka wa 1665, aliamini kuwa 4,294,967,297 ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nani angembishia mtu kama huyo? Mnamo 1732 Euler, kijana wa miaka 25, alionyesha kuwa inagawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Zidisheni mwone! Kumbe hata bingwa hukosea.

Kufikia 1738 jicho la kulia lilikuwa limeharibika. Alihamia Berlin mwaka wa 1741, akarudi Urusi 1766, na muda si muda mtoto wa jicho ukaliziba la kushoto. Mwaka wa 1771 nyumba yake ikateketea, naye akaponea chupuchupu. Je, alikata tamaa? Wapi! Alipiga hesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika.

Sasa andika 2 mara 31, uzizidishe zote, kisha utoe 1. Utapata 2,147,483,647. Mnamo 1772 Euler alitangaza kuwa hiyo ni tasa. Kuijaribu kwa kila nambari tasa iliyo chini ya kipeo chake cha pili, kama 46,341, ni kugawanya zaidi ya mara 4,700. Lakini Euler alijua kwamba kigawanyo chake, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Nambari za aina hiyo hazifiki 400, na miongoni mwazo zilizo tasa ni chache zaidi. Hakuna hata moja iliyoigawanya. Huo ndio ujanja wa kufikiri kwanza kabla ya kushika kalamu, nao unawashinda wengi wetu wenye kalkuleta mfukoni.

Euler alifariki St Petersburg mwaka wa 1783.

Wenzangu, nambari haijali sifa za mtu wala haimbagui asiyeona. Anayeiuliza vizuri ndiye inayemjibu. Basi mwalimu akiandika swali gumu ubaoni, tusiangaliane tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.