Cherry Kearton: Mwindaji Asiyebeba Bunduki

Cherry Kearton alizaliwa mnamo mwaka wa 1871 katika kijiji cha Thwaite, Yorkshire, Uingereza. Zama hizo, wengi waliotaka kumchunguza ndege walimpiga risasi kwanza. Cherry na kaka yake Richard waliteua kamera. Mwaka wa 1892 alipiga picha ya kiota chenye mayai, na mwaka wa 1895 Richard akachapisha kitabu kuhusu viota kilichosheheni picha za nduguye. Mnamo 1900, ili wasiwashtue ndege, walijificha ndani ya ng'ombe bandia aliyeundwa kwa ngozi halisi.

Baadaye Cherry aligeukia filamu. Mwaka wa 1909 alifika katika nchi ambayo leo ni Kenya, akampiga filamu Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliyekuja kuwinda. Roosevelt alirejea na ngozi na mafuvu ya kupeleka makumbushoni. Kearton alirejea na filamu. Filamu yake kuhusu pengwini wa kisiwa cha Dassen, Afrika Kusini, ilitoka mwaka wa 1930.

Kearton aliaga dunia mwaka wa 1940. Hadi leo, wapigao filamu za ndege hutumia mbinu yake: maficho na subira.