Sidi Mubarak Bombay na Habari ya Mto Rusizi

Mtu asimamaye ufukoni mwa Bujumbura huiona Uvira ng'ambo ya pili, chini ya milima, na katikati ndipo Mto Rusizi unapoingia ziwani. Jambo hilo kila mtoto wa Buyenzi hulijua. Mwaka 1858 wageni walikuja kwa taabu kubwa ili kuliuliza, na aliyekuwa ulimi wao ni Mwislamu, Sidi Mubarak Bombay.

Alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akachukuliwa hata Bara Hindi, na huko akakaa mpaka bwana wake alipokufa, naye akapata uhuru. Alirejea Unguja, akawa askari wa Sultani. Mwaka 1857 waliajiriwa yeye na wenzake na Waingereza Burton na Speke, waliokuwa wakitafuta chimbuko la Nile. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alisema na watu kwa Kihindustani, Bombay akifasiri.

Walifika Ujiji Februari 1858. Mwezi uliofuata Speke alivuka mpaka Kasenge kwa Hamed bin Sulayyam, tajiri wa Kiarabu, akarudi na habari kwamba kaskazini kuna mto mkubwa utokao ziwani. Ikiwa ni kweli, basi Nile imepatikana!

Aprili wakapanda mitumbwi miwili pamoja na Kannena, mkuu wa Ujiji, wakaambaa na pwani ya Urundi. Bara alitawala Mwami Mwezi Gisabo, na wenyeji wa ufukoni hawakumruhusu mgeni kushuka popote apendapo. Walitua Wafanya, na huko sharti kwanza kutoa hongo, nguo na shanga, kwa mkuu wa mahali. Wazungu wengi waliiona hongo kuwa unyang'anyi. Kwa hakika ilikuwa desturi yenye maana yake, kwani mgeni alikuwa akimtambua mwenye nchi kabla ya kukanyaga ardhi yake.

Wakavuka tena mpaka Uvira. Wana watatu wa mtawala Maruta walikuja kuwatazama, wakaulizwa habari ya Rusizi. Wote wakajibu kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Hapo Bombay naye akakiri kwamba maneno ya Hamed yalifahamika kinyume. Kukiri hivyo mbele ya mabwana waliokwisha kujenga tamaa yao yote juu ya neno moja si jambo jepesi kwa mkalimani. Kannena na wapiga makasia walikataa kwenda mbele kwa hofu, hata mdomo wa mto haukuonekana. Ulionwa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipofika Uzige, ndiyo nchi iliyo Bujumbura leo.

Ajabu ni kwamba chemchemi ya Nile iliyo kusini kabisa imo humu humu Burundi, huko Rutovu, ila maji yake hupita njia nyingine, kwa Ruvubu na Kagera, mpaka Nyanza.

Bombay alifuatana na Speke mpaka Nile inapotoka Nyanza, mwaka 1862, kisha akasafiri na Stanley na Cameron. Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikamwekea malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885, Mwenyezi Mungu amrehemu.