DAKTARI ALLEN WHIPPLE NA ALAMA ZAKE TATU

Katika nchi ya Ajemi, ambayo leo yaitwa Iran, uko mji wa Urmia. Huko ndiko alikozaliwa Allen Oldfather Whipple, tarehe 2 Septemba 1881. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kimarekani, na mtoto alikua akisikia lugha za wenyeji. Baadaye alisoma Marekani, akamaliza Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1904, na mwaka 1908 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Mwaka 1921 alifanywa profesa wa upasuaji huko Columbia, akashika kazi hiyo mpaka 1946.

Ili tuifahamu kazi yake hatuna budi kulijua kongosho. Kongosho ni kiungo kirefu kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake mna makundi madogo ya chembe, yaliyoonwa kwanza na kijana wa Kijerumani, Paul Langerhans, mwaka 1869, na mpaka leo huitwa vijisiwa vya Langerhans. Vijisiwa hivyo hutengeneza insulini, dawa ya mwili ya kushusha sukari ya damu. Insulini ikipungua, mtu hupata ugonjwa wa kisukari. Jambo hili wengi wetu twalijua, maana wagonjwa wa kisukari wako vijijini mwetu. Je, ikizidi?

Hutokea mara chache sana kwamba uvimbe mdogo huota katika kongosho, nao humwaga insulini bila kipimo, usiku na mchana. Aghalabu haufiki sentimita 2. Waweza kuwa kama punje ya dengu. Mwenye uvimbe huo huamka alfajiri, kabla ya kula, akitoka jasho na kutetemeka. Maneno yake huchanganyika, pengine hupigana na jamaa zake, halafu huanguka na kuzimia. Akinyweshwa uji wa sukari huinuka akiwa mzima, wala hakumbuki aliyoyatenda. Watu humdhania mlevi, au mwenye kifafa. Kwetu wako watakaosema amerogwa. Lakini tusijicheke peke yetu, kwa kuwa hata Ulaya na Marekani wagonjwa wa namna hii walihesabiwa kuwa wendawazimu.

Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Mwaka 1924 Daktari Seale Harris wa Marekani aliona watu wasiotumia dawa hiyo kabisa, nao wakapatwa na mambo yale yale ya mgonjwa aliyedungwa insulini nyingi mno. Kisha, mwaka 1929, Daktari Roscoe Graham wa Toronto aliutoa uvimbe wa namna hiyo, na mgonjwa akapona.

Habari hiyo iliwatia wapasuaji moyo, na hapo ndipo hatari ilipoanza. Watu wengi hutetemeka na kuzimia kwa sababu nyingine kabisa. Wengine walipasuliwa tumbo, kongosho likapapaswa, na uvimbe usionekane. Kumpasua mtu kongosho si mchezo, kwa maana maji yake huyeyusha nyama.

Whipple, pamoja na Daktari Virginia Frantz, bibi aliyekuwa hodari wa kuchunguza vivimbe kwa darubini, walitangaza habari za wagonjwa wao mwaka 1935. Katika miaka hiyo Whipple aliweka sharti la alama tatu. Ya kwanza, mashambulio yaje wakati mgonjwa ana njaa au amefanya kazi nzito. Ya pili, damu ipimwe wakati huo huo wa shambulio, na sukari ionekane chini ya miligramu 50 katika mililita 100. Kwa vipimo vya hospitali zetu za leo ni kama 2.8. Ya tatu, apewe sukari na apate nafuu mara moja. Zisipotimia zote tatu, kisu kisiguswe.

Mimi naona sharti hili lapita upasuaji wake wote kwa faida, ingawa jina lake lajulikana zaidi kwa ule upasuaji mkubwa wa kuondoa kichwa cha kongosho pamoja na sehemu ya utumbo, aliouandika mwaka 1935. Humo alishona kwa uzi wa hariri, kwa kuwa uzi wa utumbo wa mnyama ulimeng'enywa na maji ya kongosho. Inasemwa kwamba maisha yake yote aliufanya mara 37 tu.

Siku hizi mgonjwa hulazwa, akafungishwa chakula mpaka saa 72 mbele ya wauguzi, na insulini yenyewe hupimwa katika damu. Hata hivyo mwanzo ni zile alama tatu. Nazo hazifai kwa uvimbe peke yake. Mtoto mwenye malaria kali huweza kuzimia kwa kupungukiwa sukari, na kwinini nayo hulichochea kongosho kutoa insulini. Mzazi wa Mkula aliyempeleka mwanawe hospitali akaona kidole kikichomwa kwanza, kabla ya neno lingine, asidhani daktari anapoteza wakati. Anaitafuta alama ya pili ya Whipple. Na sukari ikipitishwa mshipani mtoto akafumbua macho, ya tatu imeonekana.

Wanafunzi wasimchanganye na George Whipple, Mmarekani mwingine, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1934 kwa habari za upungufu wa damu.

Uzeeni Allen Whipple aliirudia Mashariki alikozaliwa, akaandika habari za Wakristo Wanestori na Waislamu walioitunza elimu ya uganga. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1967. Mwenyewe hakukiona, maana alikuwa amefariki mwezi Aprili 1963, mwenye umri wa miaka 81.